Pindo la Ma Yustina

Mjukuu wangu Adela anamenya ndizi huku simu yake inasimulia mauaji. Anasuka nywele hapa Kashai, mjini Bukoba, kwenye kibaraza cha chumba anachopanga, na mteja akichelewa huingia ndani kupika. Simu huiegemeza kwenye ndoo ya maji. Mwanaume aliyemo humo ana sauti nzito, anayavuta maneno kama mtu anayevuta kamba kisimani. Anasema kuna mji mdogo, kuna mfanyabiashara kakutwa amekufa, kuna mjane wake anayenyamaza kupita kiasi. Kisu cha Adela kinasimama. Ndizi imemenywa nusu, utomvu unamdondokea kwenye gauni, wala hana habari.

"Bibi, kaa usikie," ananiambia. "Hii tamu."

Nimekuja mjini kwa ajili ya macho, masikio yangu ni mazima. Nikakaa. Harufu ya ndizi mbichi mnaijua ninyi mliokulia huku kwetu: si nzuri, si mbaya, ni kama maji yaliyolala kwenye chuma. Harufu ile ilipokutana na sauti ile, nikainuka nikatoka nje. Adela akadhani nina kichefuchefu.

Niliishia darasa la nne, lakini mwalimu wetu alikuwa mkali wa mwandiko, kwa hiyo nayaandika haya mwenyewe. Nikikosea mtanivumilia. Asiyevumilia aache.

Kijijini kwetu, Muleba, tulikuwa na mtu aliyesimulia kuliko huyo wa kwenye simu. Aliitwa Ta Fidelis; kwetu mwanaume wa heshima ni Ta, mwanamke ni Ma. Alikuwa amekaa Bukoba, Bilele, akifanya kazi kwa mwenye duka la vitambaa, akarudi na koti moja na sanduku la vitabu vya upelelezi visivyo na majalada. Wengine waliorudi kutoka mjini walirudi na kikohozi. Yeye alirudi na sauti. Hakutusomea. Alikuwa amevisoma vikamwingia mwilini, na msimu wa kahawa ukifika alivitoa kidogo kidogo, kama chumvi.

Msimu ule ni lazima kahawa ya maganda ichambuliwe: utoe mawe, vijiti, na punje mbovu. Kwa watu wengine kazi hiyo ilikuwa ya watoto wao na viboko. Kwa Ta Fidelis wanawake walijaa uani tangu jua linapoanza kuinama, wakaketi kwenye majamvi na watoto wao, wakachambua kahawa isiyo yao, bure, mpaka kivuli cha mgomba kifike mlangoni. Ujira wao ulikuwa hadithi. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumkopesha mtu hata kaa la moto bila kuuliza litarudi lini, alichambua kahawa ya Ta Fidelis misimu mitatu.

Alijua kutesa yule mtu. Alisimulia hivi: "Akasukuma mlango wa duka. Ndani giza. Mizani iko juu ya meza, na upande mmoja umelemewa. Umelemewa na nini?" Hapo alinyamaza. Akachukua kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita amwani, akatia punje mbili mdomoni, akaanza kutafuna akitazama migomba. Tulisikia meno yake. Mikono yetu ilikwenda mbio kwenye kahawa kana kwamba jibu limefichwa humo.

"Ta Fidelis," alisema Ma Sperata, jirani yetu, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona, "ukinyamaza hivyo tena naondoka na punje zako kwenye kanga."

"Ondoka, Ma Sperata. Utalala?"

"Sitalala."

"Basi kaa. Na hilo jiwe ulilolipitisha litoe, waitu, nimeliona."

Watu wakacheka kwa waitu yake, neno letu la heshima, mikono ikazidi kwenda.

Hadithi ya msimu ninaousema ilikuwa ya mji mdogo wenye barabara moja. Mwenye duka kauawa, na Inspekta ametumwa kutoka mbali, mtu mwembamba asiyekula nyama. Inspekta huyo hakuuliza watu maneno mengi. Alitazama nyayo, kucha na nguo zao. Alikuwa na neno lake, na Ta Fidelis alilisema kila alipofika pazuri: "Mtu husema anachotaka. Nguo husema ilichoona." Sisi watoto tuliondoka pale tukitazama visigino vya wazazi wetu. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote. Nilijua nani kakanyaga tope la mtoni na nani la njiani. Nilijua katekista ana kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Nasema kweli yote, maana mzee akidanganya anamdanganya nani: nilikuwa naomba mtu auawe kijijini kwetu, nipate kazi.

Uani mle kulikosekana mtu mmoja tu. Ma Yustina, mke wa marehemu kaka yake Ta Fidelis, kibanja chake, yaani nyumba na shamba la migomba na kahawa, kilipakana na kile cha shemeji yake, ua wa miti katikati. Hakuwa na mtoto. Mumewe alipozikwa, wazee wa ukoo walikaa wakasema abaki kwenye kibanja maadamu anakaa vizuri na ukoo. Sisi watoto tulilijua neno hilo kama tunavyojua sala, kwa sababu wakubwa walilirudia kila alipopita: maadamu anakaa vizuri. Maana yake ni kwamba siku akikosa, anaondoka. Na kibanja chake kilikuwa bora kuliko vyote upande ule. Mikungu yake ililazimika kuegemezwa kwa miti miwili, na kahawa yake iliwahi kuiva.

Sisimulii habari za malaika. Ma Yustina alikuwa na mdomo. Mama alipomkaribisha aje kusikiliza alisema, "Habari za watu waliouawa za nini? Mimi wangu nimemzika na bado sijapumzika." Mimi alinikamata na mapera yake kwenye gauni, akanifanya niyarudishe moja moja chini ya mti. "Nenda ukamwambie mama yako akufundishe kuomba," akasema, "kuiba umejifundisha mwenyewe." Nilimchukia kwa neno lile. Mtoto anaweza kuchukia vizuri sana, msidanganyike na mashavu yake.

Tena niliona jambo nikaliweka. Kila jioni ya hadithi, Ma Yustina alikuwa analima upande mmoja tu, pembeni ya ua, mgongo kwetu. Alipalilia pale mpaka ardhi ikawa kama uwanja uliofagiwa. Inspekta ndani yangu akasema: huyu anatuchunguza.

Hadithi ilifika mahali Inspekta anabisha mlango wa nyumba ya nyuma ya duka, usiku umekwisha, jogoo wa kwanza analia. Ta Fidelis akatia amwani mdomoni, akainuka, akakung'uta koti. "Nani atafungua? Kesho."

Kesho yake asubuhi tukaamshwa na mayowe. Migomba ya Ta Fidelis ilikuwa imekatwa.

Mtu asiye wa kwetu hatajua maana yake. Ng'ombe akiibwa watu hukimbia na mikuki, kisha hurudi kula. Lakini kumkatia mtu mgomba wenye mkungu, huo ni uadui wa kaburini. Tulikwenda wote, tukasimama kwenye majani yenye umande. Migomba kumi na kitu ilikuwa chini, kwenye pembe ya kibanja inayotazama kwa Ma Yustina. Mikungu ilikuwa imelala kwenye tope tupu, vidole vyake vyembamba kama vya mtoto mchanga, na vigogo vilikuwa vinatoa maji. Ilikuwa migomba mizee, imeinua mizizi juu, ile ambayo mtu huing'oa mwenyewe akipata nafasi. Niliyaona hayo yote. Macho yalikuwa mazima wakati ule. Lakini nilikuwa nimefundishwa kutazama nguo, sikutazama mikungu.

Ta Fidelis hakupiga kelele. Alikuwa ameketi juu ya kigogo kimoja, koti mabegani, na Ta Laurenti, mkubwa wa ukoo, amesimama kando yake na fimbo.

"Unamshuku nani?" Ta Laurenti akauliza.

"Mimi simtaji mtu," Ta Fidelis akasema. "Nitamtajaje mtu ambaye sikumwona? Naomba tu mwenye macho ayatumie." Akainua uso akatutazama sisi watoto wa jamvini mmoja mmoja, akanifikia mimi, akatulia.

Nikaondoka mbio. Nilipenya ua, nikafika nyuma ya nyumba ya Ma Yustina, na kitenge chake kilikuwa kwenye kamba ya nguo, kimefuliwa, kikavu. Kwenye pindo kulikuwa na matone. Matano, sita, meusi kama wino. Moyo wangu ulipiga kwa furaha. Nimezaa watoto saba, nimeona wajukuu, na bado sijui kama nimepata tena furaha ya namna ile.

Nikarudi nikasimama katikati ya watu wazima.

"Ta Fidelis, nguo ya Ma Yustina ina utomvu."

Akaniuliza kwa sauti ileile ya uani, ya chini, ya kuvuta: "Wapi, binti?"

"Kwenye pindo."

"Wa rangi gani?"

"Mweusi, waitu. Mweusi kabisa."

Nikaona wanawake wanatazama chini. Wote, kwa pamoja, kama wakati wa kuinua ekaristi. Nikadhani wameogopa akili yangu.

Ma Yustina alikuwa amefika, mkononi ana jembe. Ta Laurenti akamwambia, "Umesikia maneno ya mtoto. Unasema nini?"

"Kila mwanamke aliyesimama hapa na ainue pindo lake," Ma Yustina akasema.

Hakuna aliyeinua.

"Ma Sperata. Inua pindo."

Ma Sperata, aliyekuwa na neno kwa kila mtu na kwa kila kitu, akajifanya anafunga kanga ya mtoto mgongoni.

"Basi muulizeni mama wa mtoto huyu," Ma Yustina akasema. "Muulizeni utomvu ni mweusi lini."

Watu wakamgeukia mama. Nilimtazama kwa fahari, nikajua sasa ataniunga mkono. Mama alikuwa ameshika kiwiko chake kwa mkono mwingine. Akasema, "Mimi nimekuja kuangalia tu."

Yalikwisha hapo. Kabla jua halijakaa kichwani, Ma Yustina alikuwa njiani kurudi kwa kaka zake Ngenge, kule chini kwenye ukame ambako migomba haikubali. Walimruhusu jembe, chungu, na mkeka. Hakulia, na jambo hilo lilituudhi. Watoto wote tulimsindikiza mpaka rweya, ule uwanda wa majani unaoanza migomba inapoisha, na mimi ndiye niliyeanzisha wimbo. Ulikuwa na maneno mawili: nguo imesema, nguo imesema. Watoto wakapokea. Kwenye rweya nikaokota bonge la udongo nikamrushia. Nilikuwa na shabaha. Lilimpata katikati ya mgongo, likapasuka, likaacha alama nyekundu kwenye gauni. Hakugeuka. Alirekebisha mkeka kichwani, akaendelea.

Jioni ile hadithi haikusimama. Naona wengine wenu mnatikisa kichwa, mnasema hapana, siku ile haiwezekani. Iliwezekana. Uani palijaa kuliko siku zote, waliokuja waliketi mpaka njiani, kwa sababu kila mtu alitaka kujua nani atafungua mlango. Ta Fidelis aliniweka kwenye kigoda chake, yeye akakaa jamvini miguuni pangu, akanipa amwani punje mbili kama mtu mzima. Zilikuwa chungu, nikazitafuna. Akasema, "Mlango ukafunguliwa. Na aliyesimama pale, na taa mkononi, na doa la damu kwenye pindo lake, alikuwa nani?"

"Mjane," tukajibu uani pote.

"Mjane," akasema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Baada ya wiki ua wa miti ulikuwa umeng'olewa. Kahawa ya Ma Yustina iliiva kama kawaida yake, ikavunwa, ikakauka, ikaletwa jamvini. Tukaichambua. Ilikuwa kahawa safi, haikuwa na mawe. Ta Fidelis alikuwa ameanza hadithi mpya, ya daktari aliyetiwa sumu, nayo ilikuwa nzuri.

Mwaka uliofuata nikapata Komunyo ya kwanza. Mama aliuza jogoo akaninunulia gauni jeupe, akaniambia nikiligusa atanitoa ngozi. Siku ya sikukuu wageni walijaa, ndizi zikapungua, nikatumwa mkungu mwingine. Nikaenda na gauni langu, nikakata, nikabeba. Nilipofika nyumbani nilijikagua mbele na nyuma kama Inspekta. Gauni lilikuwa jeupe. Mama naye alinigeuza geuza, akaniachia. Likafuliwa kwa sabuni, likaanikwa. Siku ya tatu akaniita uani kwa sauti ninayoijua.

Matone yalikuwa yametoka. Kiunoni na kwenye pindo, meusi, kama wino.

Alinipiga kwa kijiti cha kahawa. Mimi nilikuwa nalia nikisema, "Hayakuwepo, mama. Uliniangalia mwenyewe, hayakuwepo."

"Yangekuwepo vipi?" mama akasema, na kijiti hakikukoma. "Utomvu ukiwa mbichi ni maji. Unasubiri sabuni, unasubiri jua, ndipo unatoka mweusi. Mtoto wa kike aliyekaa jamvini misimu yote hiyo hajui hata hilo?"

Kijiti kikasimama hewani. Tukatazamana. Mimi nilikuwa bado nalia, lakini kilio kilibaki peke yake, mimi mwenyewe nilikuwa nimeondoka pale, nimekwenda kusimama nyuma ya nyumba ya Ma Yustina mbele ya kitenge kikavu.

"Mama," nikasema. "Kile cha Ma Yustina kilikuwa cheusi asubuhi ileile."

"Futa kamasi."

"Basi ulikuwa utomvu wa zamani. Wa kazi yake mwenyewe."

"Hata mimi ninao," mama akasema. Akainua pindo la gauni lake la shamba, lilikuwa na madoa kama chui. "Hata Ma Sperata. Hakuna mwanamke mwenye kibanja asiye nao."

"Mlijua wote."

"Tulijua wote."

"Mbona hukusema? Alikuuliza wewe."

Mama akaketi kwenye kinu. Sikuwahi kumwona ameketi mchana. "Kibanja chetu kinapakana na nani upande wa chini?"

"Na Ta Fidelis."

"Sasa unaelewa." Akaanza kukwangua doa kwa ukucha, naye alijua halitoki. "Ile migomba aliyokatiwa uliitazama? Ulitazama mikungu? Hakuna hata mmoja ambao ningempa mbuzi. Mtu anayekuchukia atakukatia mibovu na kukuachia mizuri?"

"Basi alikata mwenyewe."

"Sikusema hivyo. Usinitie maneno mdomoni, na usiyatoe hayo nje ya ua huu." Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka uzee huu. "Na sisi, mwanangu, tulitaka kusikia mlango umefunguliwa na nani. Kama ningesema, yule bwana angesimulia tena?"

Gauni lile nililivaa Jumapili zote mpaka likanibana. Mama hakukubali nipate jingine.

Nilipokuwa mtu mzima, nimeolewa, wa tatu yuko mgongoni, nikapata lori la watu wa mnadani linalokwenda Ngenge. Nilibeba mkungu mmoja. Nilikuwa nimepanga maneno siku nyingi, nikiyasema peke yangu shambani, mpaka mume wangu akaniuliza nabishana na nani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mtoto wa kaka yake, kwenye mtama uliochoka, amekuwa mfupi, na jembe ni lilelile, limeliwa likabaki kama kijiko. Nikapiga magoti nikamsalimu.

"Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia kwetu.

"Wa yule aliyekuja kuangalia tu," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayesoma jina kwenye gunia. "Hiyo ndizi ya wapi?"

"Ya kwetu, Ma."

"Siyo ya kwangu?"

"Hapana. Ya kwetu."

"Ingekuwa ya kwangu ningeila leo. Ya kwenu watakula watoto. Weka pale."

Nikaanza maneno yangu. Nilifika "Ma Yustina, mimi siku ile nilikuwa mtoto," akaninyooshea kiganja.

"Hayo rudi nayo. Nina palizi, na mvua hapa haimngojei mtu." Akalima hatua mbili, tatu, nami nimepiga magoti pale na mtoto ananilia mgongoni. Kisha akaegemea mpini.

"Hadithi yake iliishaje?"

Sikuelewa.

"Ya mwenye duka. Mizani imelemewa upande mmoja. Nilisikia mpaka Inspekta anabisha nyumba ya nyuma, jogoo analia. Halafu asubuhi mkaja." Alikuwa ananitazama kama tulivyokuwa tukimtazama Ta Fidelis anapotafuna. "Nilipalilia pale pembeni ya ua mpaka ardhi ikachoka. Niende nikakae kwenye jamvi lake, mimi, baada ya yote aliyokuwa ananifanyia kwa ajili ya kibanja changu? Lakini sauti alikuwa nayo yule mbwa. Nani alifungua?"

Nilitaka kusema shemeji. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini yule mama alikuwa amesubiri miaka yote ile, na mtu aliyesubiri hadithi humwongopei.

"Mjane," nikasema. "Alikuwa na doa la damu kwenye pindo."

"Jekundu au jeusi?"

"Hakusema."

"Na nyinyi hamkuuliza."

"Hatukuuliza."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi hata huko mjini," akasema, "hakuna aliyeinua pindo lake." Akarudi kwenye mtama. Lori lilipopiga honi nilikuwa bado nimepiga magoti.

Alikufa hukohuko, nikasikia mazishi yamekwisha. Ta Fidelis yeye alikufa mzee sana, kitandani, amekula, na watu walijaa vibanja vyote viwili. Katekista alisema amewaunganisha wanakijiji. Alisema kweli. Na mimi, nikiyajua yote ninayoyajua, nilisimama kaburini nikamlilia, kwa sababu hakuna aliyesimulia kama yule. Mpaka leo. Huyu wa kwenye simu hajui kunyamaza.

Nikarudi ndani. Adela alikuwa amemaliza kumenya, amekaa mbele ya simu, na mteja wake amefika, kichwa nusu kimesukwa. Wote wawili wameinamia ndoo.

"Bibi, unasemaje," mteja akaniuliza, "muuaji nani? Mimi nasema mjane. Mwanamke halii hata kidogo."

"Mjane," Adela akasema. "Hilo halina ubishi. Yule amekaa kimya mno."

Nikamwambia Adela ainue pindo la gauni lake.

Akaniangalia, akaangalia mteja, akaliinua. Akaligeuza mbele na nyuma. "Halina kitu, Bibi. Safi."

"Lifue," nikasema. "Lianike. Halafu uje uniambie."

Akacheka, akaongeza sauti ya simu.